Ya baridi, ya moto, na ile ya Mbelgiji

Kwanza kabisa: nilikuwa nimeshatoka kazini. Hilo nimemweleza meneja kwa mdomo mara mbili na kwa barua mara moja, na hapa nalirudia. Zamu yangu iliisha saa tatu kamili usiku. Yaliyofuata yalimpata raia wa kawaida, ila tu alikuwa bado amevaa shati la hoteli na kibati chenye jina kifuani.

Mimi ni mtu wa Kibosho, na huu ni mwaka wa nne nahudumu baa Jambiani, Zanzibar, kwenye hoteli ndogo ya makuti ambayo ukipiga chafya mapokezi, chumba cha mwisho wanakuambia afya. Kazi haina elimu kubwa. Mteja akikaa unamuuliza swali moja: ya baridi au ya moto? Ya baridi inatoka frijini, ya moto inatoka kwenye kreti. Ya tatu haipo. Swali hilo naliuliza hadi usingizini, mke wangu shahidi, na sikuwahi kukutana na mtu lililomshinda mpaka alipokuja Mbelgiji.

Alikuja na mkewe siku za mwezi mpevu. Mzee wa kama miaka sabini, tumbo la heshima, masikio yameshaiva kwa jua siku ya kwanza. Alikuwa mpika bia maisha yake yote, sasa amestaafu, na ndani ya sanduku lake, zimevishwa soksi za sufu, mlikuwa na chupa mbili. Soksi za sufu, Jambiani! Akazitoa akazisimamisha juu ya kaunta taratibu, kama mama anayepandisha pacha kwenye mizani ya kliniki. Moja ya kuonja usiku huo. Ya pili ya siku ya kuzaliwa ya mkewe, kesho yake. Chupa nene, nyeusi, kizibo cha gome la mti kimefungwa kwa waya.

Meneja wetu ni mtu wa hapahapa, hanywi, na chupa hizo alizitazama kama mtu anayetazama gari la jirani lililoegeshwa mlangoni kwake. Akanivuta pembeni. “Wewe si mtu wa Kilimanjaro? Kazungumze naye. Mie mambo hayo siyajui.”

Hapo ndipo nilipoanza kuchimba shimo langu mwenyewe. Nilimwambia Mbelgiji kuwa mimi bia nimezaliwa nayo. Nikamweleza mbege ya bibi yangu: ndizi mbivu zinavyochemshwa mpaka zinakuwa nyekundu, zinavyochujwa, ulezi uliooteshwa na kusagwa unavyopikwa uji, na magome ya msesewe yanavyotiwa kuleta ule uchungu. Yote kweli tupu, kuni nimezibeba kwa kichwa changu. Uongo ulikuwa kwenye nyusi. Nilizinyanyua kama profesa. Mbelgiji alitoa daftari, akaniomba nimtajie msesewe herufi kwa herufi, akaandika, akapiga mstari chini yake mara mbili. Miaka yote yeye uchungu wa bia aliutafuta kwenye maua ya hopsi, kumbe kuna watu mlimani wanaupata kwenye gome la mti! Tangu dakika ile akawa ananiita mwenzake wa kazi.

Mwenzake wa kazi nikamuuliza: “Ya baridi au ya moto?”

“Hapana,” akasema.

Nikarudia.

“Hapana na hapana.”

Akatoa mfukoni kipimajoto chenye sindano, kirefu kama kijiti cha mshikaki. Akakichomeka frijini: nyuzi 4. Akasema bia hii ukiinywa kwa baridi ya namna hiyo ulimi unakufa ganzi, hupati kitu. Akakiweka juu ya kaunta: nyuzi 31. Hapo akafumba macho kabisa. Alichotaka ni 12, au 13, au 14 mwisho. Nikawaza Jambiani yote, kaskazini hadi kusini. Kati ya friji na nje hatuna kitu kingine.

Chupa ya kwanza aliishughulikia mwenyewe. Aliitumbukiza kwenye ndoo ya barafu, akasimama nayo, kipimajoto mkononi, kama muuguzi wa wodi ya watoto. Ya pili ndiyo aliyonikabidhi. Masharti: isimame wima, gizani, mahali pa ubaridi wa wastani, isitikiswe mpaka kesho jioni. Nikaenda jikoni. Mama wa jikoni ana mtungi wa maji ya kunywa, wa udongo, maji yake ukiyanywa saa nane mchana unamshukuru Mungu kwa jina. Nikamwomba nitumbukize chupa humo.

“Chupa hiyo? Kwenye mtungi wangu?” Alikuwa na mwiko mkononi. “Hebu tia nikuone.”

Sikutia. Nikachukua chungu cha maua kilichokuwa tupu, nikakijaza mchanga mbichi, nikaisimika chupa katikati, nikafunika gunia nililolilowesha. Baada ya saa mbili Mbelgiji akachoma sindano: 24. Hakuniambia kitu, ila nilimwona akiitazama ile chupa kama mzazi aliyemwacha mtoto wa bweni kwenye shule asiyoiamini.

Basi saa tatu na robo, nimeshasaini kutoka, tukakaa watatu meza ya mwisho, inayotazama bahari. Mezani kuna glasi tatu za mvinyo, zile zenye tumbo pana na mguu mwembamba, ambazo meneja huzihesabu kila Ijumaa.

Mbelgiji alikifungua kizibo kwa mlio mdogo, kama mtu anayeguna. Akamimina. Nimemimina bia nyingi maishani mwangu, lakini hii haikumiminika, ilishuka. Nyeusi kiasi kwamba taa ya mezani haikupenya, na povu lake si jeupe, ni rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa machache. Ukizungusha glasi, inapanda ukutani halafu inateremka polepole kwa michirizi, kama oili chafu inavyotoka kwenye injini ya bodaboda. Nasema hivi kwa heshima. Akamimina kina cha kidole kimoja kila glasi, akaziba. Nikadhani amesahau kujaza.

“Ishike kwa shingo,” akanifundisha. “Vidole vikigusa tumbo unaipasha moto.”

Nikaishika kwa shingo.

“Nusa.”

Nikanusa.

“Unapata nini?”

“Bia,” nikasema.

Akangoja. Mkewe naye akangoja. Kuna ukimya ambao mtu aliyejisifu anaujua mwenyewe. Nikarudisha pua ndani, safari hii nikafumba macho, na nikaanza kushika chochote kilichopita. Kahawa. Si ya hotelini, ile ya Jaws Corner kule mjini, chungu, ya kikombe kidogo kisicho na mkono. Halafu kashata iliyosahauliwa jikoni ikaungua upande mmoja. Halafu zambarau, zile zinazotia ulimi rangi. Nikaonja kidogo. Ikaja ukakasi wa kukausha fizi, kama ukwaju usioiva sawasawa, na nyuma yake kabisa kitu ambacho kwa muda sikukipatia jina.

“Mkanda wa saa,” nikasema.

Mbelgiji akapiga meza. Mkanda wa saa! Ngozi! Akamgeukia mkewe akamweleza kwa lugha yao, akageuka akanishika bega. Niseme ukweli, nililewa pale. Pombe yenyewe ilikuwa bado haijafika tumboni.

Akaanza kunisomesha, nami nikawa naitikia kila baada ya sentensi mbili. Kwamba weusi ule unatokana na shayiri iliyokaangwa kama buni. Kwamba bia kali za namna hiyo zilipikwa London karne ya 18 zikisafirishwa hadi Urusi, kwenye kasri la malkia Catherine, na ndiyo maana mpaka leo zinaitwa za kifalme. Kwamba hii yake, ikishaiva, huhamishiwa kwenye mapipa ya lita 225 yaliyotoka Bordeaux, Ufaransa, yaliyokwisha kukaliwa na mvinyo mwekundu, ikalala humo mwaka mzima na zaidi. Nikamuuliza mapipa ya bati au ya plastiki, maana bibi yangu alikuwa na la plastiki, la buluu. Akanitazama kwa huruma. Ya mbao. Mbao gani? Akataja, nikatafuta kwenye simu, kamusi ikaniletea “mwaloni”. Mwaloni mimi ninayoijua ni ile ya Kirumba, Mwanza, kwenye soko la dagaa. Nikanusa tena glasi kwa tahadhari. Dagaa hawakuwemo.

Mbao hiyo, akasema, inapumua. Ndani hubanikwa kwa moto wakati pipa linapoundwa, na humo ndimo bia inakopa ile harufu ya vanila; mvinyo uliozama kwenye mbao nao unarudi kidogokidogo. Na kwa kuwa mbao inapumua, bia hupungua. Kila mwaka pipa linapungua bila mtu kuligusa. Hicho kinachopotea wanakiita sehemu ya malaika. Nikamwambia hata kwetu Kibosho mbege hupungua usiku bila mtu kugusa, na anayehusika tunamjua, ni mjomba.

Halafu akafika kwenye punda. Humo kwenye nyufa za mbao, akasema, hujificha hamira ya mwituni, na asiyeitaka anahangaika nayo kweli, ila yeye huiachia kidogo makusudi. Mdenmark mmoja wa Carlsberg, Claussen, ndiye aliyeipa jina mwaka 1904, Brettanomyces, yaani kuvu wa Uingereza, kwa sababu aliikuta kwenye bia za Waingereza. Waingereza sijui walilipokeaje. Harufu yake, Mbelgiji akasema kwa mapenzi makubwa, ni zizi la farasi. Farasi mimi sina uzoefu naye. Lakini nyuma ya hoteli yetu anafungwa punda wa mkokoteni, na nilipoingiza pua mara ya nne, kweli, alikuwemo.

Saa nne kasorobo wakaaga. Wazee wanalala mapema. Kila mmoja alikuwa amekunywa kidole chake kimoja tu, basi. Mama hata chake hakukimaliza. Mbelgiji akanisukumia chupa. “Ikishafunguliwa hailali,” akasema. “Malizia. Polepole.”

Neno la mwisho nililisikia. Nalikumbuka vizuri hadi leo, na hata sauti aliyolisemea. Lakini nilikuwa na kiu. Nilikuwa nimefanya zamu mbili mfululizo, tumboni yamo maandazi mawili ya saa saba, na bia mimi nimeizoea kuwa kitu cha kuondoa kiu. Jambo lingine ni ile namba. Kwenye kibandiko iliandikwa 12.5, na nimefanya kazi baa miaka minne, alama ya asilimia naijua. Ila mchana kutwa kichwani mwangu zilikuwa zinapigwa nyuzi 12, nyuzi 13. Nikaiona 12.5 nikasema moyoni, naam, ndiyo joto lake la kunywea, mzee amefanya vizuri kuandika.

Bia ya Safari ina asilimia 5.5. Hesabu hii nilikuja kuifanya siku ya pili, nimelala na kitambaa cha maji usoni: kilichobaki kwenye chupa ile, zaidi ya nusu lita, kilikuwa sawa na karibu Safari tatu. Nilikimaliza kwa muda wa kuvuta kiti na kukirudisha.

Mwanzoni hakuna kilichotokea, na hiyo ndiyo tabia yake mbaya. Nikaosha glasi mbili, nikazipanga. Ya tatu nikabaki nayo mkononi, imebaki kidole kimoja cha adabu. Halafu nikaikumbuka chupa ya pili kule kwenye chungu cha maua, kwenye nyuzi 24, na moyo ukaniuma. Yule mzee alinikabidhi! Mwenzake wa kazi! Nikaenda nikaifunua gunia, nikaishika. Ilikuwa na joto la mtoto mwenye homa. Nikaona wazi, kwa mwangaza ambao sijawahi kuupata kabla wala baada, kwamba kosa ni mchanga. Mchanga wa chungu ni mchanga mfungwa. Mchanga wa bahari usiku, ulioachwa na maji sasa hivi, huo ndio wa baridi. Chini kabisa, mbali na nchi kavu.

Bamvua ya mwezi mpevu Jambiani, maji hukauka saa nne usiku mpaka unasema bahari imeuzwa. Mwezi ulikuwa umesimama utosini, mchanga mweupe kama shuka, na mbele kule ngalawa zimelala ubavu. Nikavua viatu. Nikaenda, chupa imekumbatiwa kifuani, glasi mkono wa pili, naishika kwa shingo. Nilitembea kama dakika kumi na tano. Nikachagua ngalawa iliyokuwa peke yake, nikachimba chini ya tezi yake, yaani nyuma, kwa mikono, kina cha kiwiko, nikaisimamisha chupa wima kama nilivyoagizwa, nikaifukia. Alama? Si ngalawa yenyewe hiyo! Nikajipongeza kwa hilo.

Kisha nikafikiria wezi. Chupa ya thamani namna ile, huwezi kuifukia ukaondoka. Nikaingia ngalawani kulinda.

Asiyewahi kulala ngalawani nimweleze. Ni gogo lililochongwa, jembamba. Mabega yanaingia kwa makubaliano. Mwili wa juu ukishakaa, miguu inabidi ipite chini ya ubao wa kukalia, na ikishapita hairudi mpaka uisihi. Nikakaa hivyo, natazama mwezi, nikamalizia kile kidole kimoja. Vanila niliipata kabisa.

Nilichokisikia kwanza ni baridi ya matako.

Nikadhani nimejikojolea, samahani kwa lugha, na nikawa natafuta maneno ya kumwambia mke wangu. Kisha kitanda kikayumba. Nikafungua macho: mwezi umehama, umeinama magharibi juu ya minazi, na minazi yenyewe iko mbali, midogo kama miswaki. Pande zote maji. Maji yanang'aa, yametulia, yananitazama. Ndani ya ngalawa nako maji, yameshanifika kiunoni kwa jinsi nilivyolala.

Mimi ni mtu wa mlimani. Sijui kuogelea. Maji mengi niliyowahi kuyaona utotoni ni ya mfereji wa kumwagilia migomba, na yale unayaruka.

Nikaita. Nikaita kwa Kiswahili, kwa Kichaga, nikamtaja mama. Ufukweni taa moja tu, ya hoteli yetu, na mlinzi wetu namjua, saa hizo anaota. Maji ndani yakawa yanapanda kidogokidogo kupitia upenyo kwenye ubao, yanaingia bila haraka kama mgeni aliyekaribishwa. Nikapapasa kutafuta ndoo, kopo, kifuu, chochote. Hakuna. Nilichokuwa nacho ni glasi ya mvinyo.

Basi nikaanza. Glasi ile imejaa pomoni inaingiza kama robo tatu ya kopo la chai. Unainama, unateka, unamwaga nje. Unainama, unateka, unamwaga nje. Baada ya muda fulani, sijui ngapi, mgongo unawaka, niligundua kitu kilichonikera kuliko bahari yenyewe: nilikuwa bado naishika kwa shingo. Vidole visije vikapasha moto.

Kulipoanza kupambazuka ndipo nikamwona mtu anakuja kutokea pwani, akitembea juu ya maji. Mimi Mkatoliki. Nikaacha kuteka. Nikapiga ishara ya msalaba kwa mkono wenye glasi, nikaanza Baba Yetu, nikafika kwenye “utusamehe makosa yetu” nikaganda hapo, nairudia. Alipokaribia nikaona kofia ya viua, ndevu nyeupe, na kwamba maji yanamfika kifuani. Alikuwa ametoka kuswali alfajiri, sasa anakuja kukitazama chombo chake.

Akasimama hatua tano kutoka kwangu. Akanitazama. Akaitazama glasi.

“Asalaam alaikum.”

“Waalaikum salaam. Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Habari za kulala?”

“Nzuri, mzee.”

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika na jibu. Bahari ikatupiga kidogo, sote tukapanda na kushuka.

“Ngalawa yangu hiyo.”

“Nimeelewa, mzee.”

“Yavuja. Leo nilikuwa niivute juu niitie kalafati.” Akachungulia ndani. “Wee huna upo?”

“Nipo, mzee! Nipo!”

“Upo. Huna upo humo?”

“Nipo hapa, mzee, mzima, ila nimechoka.”

Akafuta uso kwa mkono wake uliolowa. “Upo, mwanangu. Chombo cha kutolea maji. Chaitwa upo.” Akanionesha kwa mikono, umbo la sahani yenye mpini. “Wangu uko nyumbani. Hebu teremka.”

Nikamwambia sijui kuogelea. Akasema hakuniuliza hilo. Nikateremka, na kwa kuwa mimi ni mfupi kuliko yeye, maji yaliyomfika kifuani yalinifika kidevuni. Alinishika ukosi wa shati la hoteli akanivuta mpaka pwani kama mtu anayerudisha mbuzi, glasi nimeinyanyua juu isije ikavunjika, maana Ijumaa ilikuwa karibu. Njiani akasoma kibati changu, akanitaja kwa jina, akaniuliza kitu gani kinanuka mdomoni mwangu, mbona kama kahawa iliyoungua. Nikamwambia ni habari ndefu. Akasema basi fupisha. Kuhusu malipo alikuwa mtu wa haki: kulala chomboni elfu kumi, lakini kutoa maji ni kazi ambayo angeifanya mwenyewe asubuhi ile, kwa hiyo amenipunguzia tano.

Ukweli nilimwambia Mbelgiji saa mbili, mbele ya mayai yake. Hakukasirika. Aliuliza jambo moja tu: “Iko wapi?”

“Chini ya ngalawa.”

Ilinibidi nilirudie jibu hilo saa nne asubuhi, maji yamekauka tena, tumesimama kwenye mchanga: mimi, Mbelgiji, mkewe na kofia yake pana, mlinzi aliyeamka, na watoto wasiopungua kumi. Ngalawa ilikuwepo. Ila ngalawa hufungwa nanga kwa kamba, na maji yakijaa huzunguka inavyotaka. Alama yangu ilikuwa imeelea usiku kucha. Tukachimba hapa, tukachimba pale, pakawa kama kuku wamekesha. Yule mzee alikaa ukingoni mwa chombo chake akitupangia, kidogo kusini, kidogo magharibi, kwa mahesabu ya upepo, na nadhani alikuwa anafurahia.

Aliyeipata ni mama mmoja wa mwani, kwenye mistari yake ya kamba na vigingi, hatua arobaini kutoka tulipokuwa. Nilikuwa nimechimba ndani ya shamba la watu. Aliikanyaga.

“Kitu gani hichi shambani kwangu?”

Nikakimbia. Nikamwamkia, nikamwomba radhi, nikamwambia ni chupa ya mgeni. Ya nini? Nikamwambia. Akarudi nyuma hatua mbili na vazi lake lililolowa. “Njoo uitoe mwenyewe. Na vigingi vyangu virudishe ulivyovikuta.” Nikarudisha, kimoja kimoja, yeye amesimama juu yangu anakagua kila kamba.

Mbelgiji aliipokea chupa kwa mikono miwili. Kizibo kizima, waya mzima, kibandiko kimetoka chote. Akachutama, akakichoma kipimajoto ndani ya shimo ilimotoka, kwenye lile dimbwi la maji ya bahari lililopigwa jua tangu asubuhi. Sote tukainama kusoma, hata yule mzee aliteremka.

29.

Hakuna aliyesema kitu. Mbelgiji akakifuta kipimajoto chake kwa leso, akakirudisha mfukoni, akainuka kwa kushikilia goti.

Mkewe, ambaye tangu waje sikuwahi kumsikia akizungumzia bia hata neno, alinyoosha mkono akaichukua chupa. Akanikabidhi mimi. Nikamtazama mumewe, nikamtazama yeye, na kwa kuwa kichwa kilikuwa bado kinagonga, mdomo ukatoa swali peke yake, kama kawaida yake.

“Ya baridi au ya moto, mama?”

“Ya baridi,” akasema. “Baridi sana. Na glasi ijae.”